Kuandika na kutafsiri kwa ajili ya wafanyabiashara mjini Gisenyi

Mwandishi, mfasiri au mhariri wa kujitegemea mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, huweza kupitia lugha nne kwa siku moja: mkataba wa Kifaransa kutoka Goma, tangazo la Kinyarwanda, barua ya Kiingereza kwenda benki ya Kigali, na mteja anayetaka yote hayo yafafanuliwe kwa Kiswahili. Hana mwajiri wa kumkinga. Neno likikosewa, au ankara isipolipwa, hasara ni yake.

Mahitaji haya yamekua kwa hatua. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka uliofuata serikali ikaamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa mashuleni. Februari 2017 bunge lilipitisha sheria iliyofanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, ingawa wachuuzi wanaovuka Petite Barrière kwa miguu walikuwa wakifanya biashara kwa Kiswahili miaka mingi kabla ya hapo.

Lugha inayotega zaidi ni Kiswahili chenyewe. Katika Kiswahili sanifu, anayeuza hutoa bidhaa na kupokea fedha. Katika Kiswahili cha Goma na maeneo mengine ya mashariki mwa Kongo, kuuza mara nyingi ni kununua, na mwenye bidhaa ndiye anayeuzisha. Anayejua Kinyarwanda hashangai, kwani kugura ni kununua na kugurisha ni kuuza. Bango lenye maneno “Tunauza kahawa” litamfanya msomaji wa Dar es Salaam aje na fedha; wa Goma anaweza kuja na magunia. Katika bango, hicho ni kichekesho. Katika mkataba unaomtaja “muuzaji” bila ufafanuzi, ni kesi. Ndiyo maana ni busara kufafanua maneno hayo katika kifungu cha kwanza, au kuandika “mtoa bidhaa” na “mpokea bidhaa”, hata kama sentensi itapoteza uzuri wake.

Tarakimu nazo zina mtego. Milliard ya Kifaransa, ambayo ni miliyari ya Kinyarwanda, ni bilioni moja. Billion ya Kifaransa ni trilioni.

Kabla ya kuanza kazi, makubaliano yanapaswa kuandikwa, hata kwa ujumbe mfupi wa simu: idadi ya maneno, tarehe ya kukabidhi, mara ngapi mteja anaweza kuomba marekebisho bila kuongeza malipo, na nani ndani ya kampuni mwenye kauli ya mwisho. Hili la mwisho husahaulika, kisha meneja, mhasibu na mwenye mali kila mmoja huja na masahihisho yanayopingana. Saa nayo itajwe kwa uangalifu, kwa kuwa Gisenyi na Goma ziko nyuma ya Nairobi kwa saa moja.

Upande wa kodi, asiyesajiliwa huumia zaidi. Sheria ya Rwanda huitaka kampuni kukata kodi ya zuio ya asilimia 15 inapomlipa mtoa huduma ambaye hajasajiliwa na mamlaka ya mapato, au aliyesajiliwa lakini hajawasilisha hesabu zake za karibuni. Ankara ya faranga 200,000 hubaki 170,000. Wateja wenye mahesabu rasmi hudai pia risiti ya mfumo wa kielektroniki wa EBM, na asiyeweza kuitoa hukosa kazi zao.

Malipo ya kuvuka mpaka ni suala jingine. Baada ya waasi wa M23 kuutwaa mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki za mji huo zilifunga milango, na mteja mwaminifu akaweza kushindwa kulipa bila kosa lake. Tangu hapo, kuomba nusu ya malipo mapema, na kutaja sarafu na njia ya kulipa, si dalili ya kutomwamini mteja.

Kuhusu umiliki, Mkataba wa Berne, ambao Rwanda ni mwanachama wake, hulinda tafsiri kama kazi yenye haki zake, pasipo kuathiri haki za mwandishi wa asili. Kampuni nyingi hutaka haki zote zihamishiwe kwao. Mfasiri anaweza kukubali, mradi mkataba useme kwamba haki hizo zitahama siku malipo yote yatakapokamilika.