Malindi: Mji wa Mapumziko

Malindi ni mji wa pwani ya Kenya, takriban kilomita 120 kaskazini mwa Mombasa. Katika miaka ya 1860, chini ya Sultani Majid wa Zanzibar, ulifufuliwa kama bandari ya nafaka, na mashamba yake ya mtama na ufuta yalilimwa na watumwa. Utumwa ulipofutwa mwaka 1907 mashamba yalidorora. Wakabaki wavuvi, na ufuo mrefu ambao haukuwa bado mali ya kuuzwa.

Wa kwanza kuulipia walikuwa walowezi wa nyanda za juu, waliotelemka pwani kupunga upepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 zilijengwa hoteli za Palm Beach na Lawford's. Mwaka 1934 mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alifika kuvua bahari kuu, na uvuvi wa sulisuli ukawa sehemu ya sifa za mji.

Walioupa Malindi haiba yake hasa ni Waitalia, ambao ndege zao za kivita ziliushambulia mwaka 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Katika miaka ya 1960 Italia iliweka jukwaa la San Marco baharini, karibu na Ngomeni, na mwaka 1967 satelaiti ya kwanza ikarushwa kutoka hapo. Wataalamu wake walipumzikia Malindi, wakarudi kwao na habari zake, na jamaa na marafiki wakafuata. Zikaota nyumba kubwa za makuti, mikahawa ya piza, maduka ya aiskrimu na kasino. Baadaye walikuja hata matajiri wa mbio za magari kama Flavio Briatore. Vijana wa ufuoni na wachuuzi wa vinyago wakajifunza Kiitaliano kwa kusikia tu, ujuzi unaostahili heshima zaidi kuliko unayopewa.

Neema hiyo hufuata majira. Wageni hujaa wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Masika yakianza hoteli nyingi hufungwa na wafanyakazi hukaa bila mshahara. Machafuko ya mwaka 1997 huko Likoni, Mombasa, na yale ya baada ya uchaguzi wa 2007 yaliwafukuza wageni hata katika msimu wao.

Mto Sabaki nao hushusha udongo wa bara uliomomonyolewa, ukaipaka bahari rangi ya kahawia na kutishia matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968. Wapenzi wa mchanga mweupe huzidi kwenda Watamu, upande wa kusini.