Kidole Kimoja Hakivunji Chawa: Kitana, Skuli na Vichwa vya Watoto Wetu



Bi harusi mmoja wa Usagara, Tanga, alitujia na suali siku chache kabla ya kutiwa hina. Mtoto wa dada yake, msichana wa miaka tisa, alikuwa ashonewe nguo na wenzake na kubeba sinia la maua siku ya harusi. Wiki ile ile skuli wakamrudisha nyumbani: ana chawa. Mtoto analia, mama yake kajifungia ndani kwa haya, na shangazi mmoja keshatoa hukumu kwamba mtoto asionekane ukumbini. Bi harusi akatuuliza, je, tumuache?

Tukamjibu hapana, asiachwe. Lakini suali lile lilitukaa moyoni. Aibu hii ya chawa imetoka wapi? Tukirudi nyuma katika dini yetu na katika pwani yetu, hatuioni.

Tazameni methali tunayoisema kila siku: kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi tunaitumia kuhimiza ushirikiano, tukasahau kwamba kwanza ilikuwa kweli tupu. Chawa huminywa baina ya kucha mbili za vidole gumba. Wazee waliotuachia methali hii walikuwa wakitoana chawa uani mchana kweupe, wala hawakuona la kuficha. Leo vijana wa Bara wanamwita "chawa" mtu anayejipendekeza kwa wakubwa na matajiri. Neno limekuwa tusi, na tusi hilo linamfikia hata mtoto asiye na kosa.

Zama za Mtume (S.A.W.)

Mwaka wa 6 Hijria, sawa na 628, Waislamu walikuwa Hudaybiya wakiwa ndani ya ihram, na aliye katika ihram hanyoi. Sahaba Kaab bin Ujra (R.A.) alikuwa akiwasha moto chini ya chungu, huku chawa wanamdondoka kichwani hadi usoni. Mtume (S.A.W.) akamuona, akamuuliza kama wadudu wale wanamuudhi. Akasema ndiyo. Akaamrishwa anyoe, kisha atoe fidia: afunge siku tatu, au alishe maskini sita, au achinje mnyama. Wafasiri wa Qur'ani wanakisimulia kisa hiki wanapoieleza aya ya 196 ya Suratul Baqara.

Tuzingatie lililokosekana katika kisa hiki. Kaab hakuulizwa kwa nini amekuwa mchafu, wala hakuambiwa akae mbali na wenzake. Aliulizwa anaumia kiasi gani, kisha akapewa njia ya kutoka. Mbele ya chawa, sharia ilileta wepesi.

Kisa cha pili ni cha mwanamke. Ummu Haram bint Milhan (R.A.), khaloo wa Anas bin Malik, alikuwa akimkaribisha Mtume (S.A.W.) nyumbani kwake Madina, akimpa chakula, kisha akaketi akimpekua nywele. Wanazuoni wameeleza kwamba alikuwa maharimu wake, na kwamba kupekuliwa huku hakumaanishi kuwa alikuwa na chawa. Ilikuwa ada ya mapenzi ya jamaa. Siku moja katika hali hiyo Mtume (S.A.W.) alisinzia, akaamka anacheka, akasimulia kwamba ameoneshwa watu wa umma wake wakipanda bahari kwa ajili ya Allah, mfano wa wafalme juu ya viti vyao. Ummu Haram akamuomba amuombee awe miongoni mwao. Miaka ikapita, na katika safari ya kwanza ya Waislamu kwenda Kupro, takriban mwaka wa 28 Hijria, alivuka bahari, akaanguka kutoka kwenye mnyama wake na kufariki huko. Kaburi lake linazuriwa hadi leo karibu na Larnaca.

Sisi wanawake wa visiwani tunakipenda kisa hiki kwa sababu ya bahari. Tukumbuke pia kwamba kilianzia kwenye mkono wa mwanamke ndani ya nywele.

Pembe za Pangani

Chombo cha kazi hii ni cha kale kuliko methali yetu. Katika magofu ya Lakish, mji wa Wakanaani kusini-magharibi ya Al-Quds, palifukuliwa kitana kidogo cha pembe ya ndovu chenye upana wa vidole viwili hivi. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza kwamba kina maandishi ya miaka ipatayo 3,700 iliyopita, nayo ni ombi kwamba pembe ile iwang'oe chawa wa nywele na ndevu. Kitana kina pande mbili: upande mmoja meno machache manene ya kufumulia, upande wa pili meno mengi membamba ya kutolea chawa na mayai yake. Umbo hilo hilo linauzwa leo kwa plastiki.

Na pembe zilitoka pia kwetu. Katika karne ya 19 Pangani, kusini ya Tanga, ilikuwa mlango wa misafara iliyopanda bonde la mto Pangani hadi nchi ya Wamasai. Kila pembe ilishuka pwani juu ya bega la mtu. Zikavushwa Unguja, na kutoka hapo zikaenda Bombay, London na Marekani. Mafundi walipenda pembe za Afrika Mashariki kwa sababu ni laini kukata. Katika jimbo la Connecticut, miji ya Deep River na Ivoryton ilitajirika kwa vitana vya pembe kabla ya kuhamia kwenye vibao vya piano. Kwa hiyo wakati mabibi wa Pangani wanawachana watoto wao uani, akina mama wa ng'ambo nao wanawachana wao kwa kitana kilichochongwa kutokana na pembe za huku. Wazungu wenye hariri na watumishi walikuwa na chawa vile vile. Mdudu huyu hakuwahi kuuliza nani tajiri na nani maskini.

Skuli na wembe

Miaka ya 1890 Wajerumani walifungua skuli ya serikali Tanga, miongoni mwa za mwanzo kabisa katika koloni lao. Haikuwa ya wamisionari, kwa hiyo wazee wa Kiislamu waliweza kuwapeleka vijana wao. Watoto wa nyumba nyingi wakakaa benchi moja, na chawa, asiyeruka wala kuwa na mbawa, hutambaa kutoka kichwa kinachogusana na kichwa.

Mwaka 1909 huko Tunis, daktari Charles Nicolle alithibitisha kwamba chawa wa nguo ndiye anayeeneza homa ya tifasi. Chawa wa nguo na chawa wa kichwa si hatari sawa. Huyu wa kichwa anawasha na kukosesha usingizi, lakini si msambazaji wa tifasi anayeogopewa. Watu hawakuona tofauti, na hofu ikawaangukia wote wawili.

Baada ya Uhuru milango ya elimu ikafunguliwa zaidi, Alhamdulillah. Zanzibar ilitangaza elimu bure mwaka 1964, na Tanzania Bara ikaingiza watoto wote wa rika la skuli ya msingi kuanzia 1977. Mwalimu mmoja akawa na vichwa vingi mbele yake, na wembe ndiyo njia ya haraka. Mpaka leo skuli nyingi za msingi za Bara hutaka wasichana nao wawe na nywele fupi. Hatuwalaumu walimu. Ila kazi iliyokuwa ya pajani mwa mama ikawa ya mstari wa asubuhi, mbele ya wenzake. Tunaona aibu ilipata nafasi hapo.

Tuirudishe uani

Kunyoa kwa dharura kuna ruhusa, kama tulivyoona kwa Kaab, lakini si lazima. Fumua misuko. Lowesha nywele, paka mafuta ya nazi kwa wingi ili meno yapite, hasa nywele zikiwa za kipilipili. Gawanya vifungu vidogo, chana kutoka kwenye ngozi hadi ncha, futa kitana kwenye kitambaa cheupe. Rudia kila baada ya siku tatu au nne kwa wiki mbili hadi tatu, kwa sababu mayai huanguliwa baada ya siku saba hadi kumi. Kagueni nyumba nzima siku moja. Fueni foronya na mitandio kwa maji ya moto, na kila mtoto awe na ushungi wake. Ukihitaji dawa, nunua ya chawa famasi na ufuate maelezo yake. Mafuta ya taa na dawa za shambani ziacheni kabisa. Zinaunguza na zinaua watoto.

Yule bi harusi alifanya hivyo. Alasiri moja walitandika mkeka uani, wakachanana wote: bibi, mama, shangazi yule yule, na bi harusi mwenyewe. Wakamkuta na mayai shangazi pia. Wakacheka mpaka wakatoka machozi. Siku ya harusi mtoto alibeba sinia lake, kikuba cha asumini kichwani, akiwa mbele ya wenzake.

Allah awahifadhi watoto wetu na atupe mikono yenye huruma. Amin.