Ndagala, Lusenga na Kiwiko cha Mvuvi wa Uvira

Historia ya maumivu ya kiwiko Uvira, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, haitengani na historia ya uvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa hilo. Zamani walivuliwa usiku kwa lusenga, wavu wa mfuko wenye mpini mrefu: moto uliwavuta, mvuvi akawachota. Kila mchoto ulidai kushika mpini kwa nguvu huku kifundo cha mkono kikiinuliwa. Misuli ya kazi hiyo hushikizwa kwa kano upande wa nje wa kiwiko, na hapo ndipo panapochakaa.

Makasia yaliongeza mzigo. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Uvira Aprili 1858 kwa mitumbwi iliyopigwa kasia kutoka Ujiji. Biashara ya ziwa ilitegemea sana mikono ya namna hiyo. Katika miaka ya 1950, wavuvi Wagiriki wa Usumbura, Bujumbura ya leo, walitumia nyavu kubwa za kuzungushia. Mitumbwi nayo ikaunganishwa, wavu ukashushwa chini ya karabai na kuvutwa juu na watu kadhaa. Baadaye injini zikapunguza kasia, lakini kamba zikaendelea kuvutwa kwa mikono.

Maumivu haya si ya wavuvi tu. Ulaya, daktari Mjerumani Runge aliyaeleza mwaka 1873 kwa watu walioandika sana. Katika mitaa ya Uvira kama Rugenge, kutwanga sombe, yaani majani ya muhogo, na kukamua nguo hukichosha kiwiko vilevile.

Kukanda kwa maji ya moto hutuliza, ila hakuponyi kano. Sindano ya steroidi hutuliza kwa wiki chache, lakini baada ya mwaka waliochomwa huwa na hali mbaya kuliko wasiochomwa. Mbalamwezi huwapa wavuvi pumziko, kwa kuwa taa hazivuti samaki. Lakini siku hizo ni chache mno kwa kano inayohitaji miezi. Kumwambia anayekula kwa wavu aache kazi si tiba. Linalowezekana ni kupokezana kamba, kuinua mizigo kiganja kikitazama juu, na kuimarisha misuli: mkono hulazwa gotini, kiganja chini, jiwe dogo likashushwa polepole na kuinuliwa kwa msaada wa mkono wa pili, kila siku, uzito ukiongezwa kidogo kidogo. Wengi hupona ndani ya mwaka.

Kiwiko kilichovimba na kuwaka pamoja na homa, kisichonyooka baada ya kuanguka, au kinachotia ganzi kidole cha mwisho na cha pete, kipelekwe hospitali mapema.