Malisho ya Elwak: Namna setilaiti zinavyopima ukame na mipaka yake

Elwak, makao makuu ya Mandera Kusini, ni mji wa mpakani ulioko kwenye barabara itokayo Wajir kwenda Mandera. Visima vyake vimewavuta wafugaji wa ngamia, mbuzi, kondoo na ng'ombe tangu jadi. Wafugaji hao hutegemea misimu miwili ya mvua: Gu, ya Aprili na Mei, na Deyr, ya Oktoba hadi Desemba. Msimu mmoja ukipita bila mvua, nyasi hunyauka. Misimu ikifuatana, mifugo huangamia, kama ilivyotokea mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022.

Nyika hiyo ni pana mno kukaguliwa kwa miguu au kwa gari. Ndiyo sababu hali ya malisho yake hufuatiliwa pia kutoka angani.

Jinsi kipimo kinavyofanya kazi

Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu wa jua ili kujitengenezea chakula, na wakati huo huo huakisi kwa wingi mwanga wa infraredi ambao jicho la binadamu haliuoni. Jani likikauka, tofauti hiyo hupungua. Setilaiti hupima aina zote mbili za mwanga. Tofauti baina yake hugawanywa kwa jumla yake, na jibu ni fahirisi ya uoto ijulikanayo kote duniani kama NDVI. Udongo mtupu hupata tarakimu iliyo karibu na sufuri. Msitu mnene hukaribia moja.

Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa na Marekani mwaka 1972. Chombo cha MODIS, kilichopelekwa angani mwaka 1999 katika setilaiti iitwayo Terra, kilipiga picha za dunia karibu kila siku, doa moja la picha likiwakilisha mraba wa mita 250 kila upande. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, huona hadi mita 10.

Kulinganisha Elwak na Elwak

Kijani cha Elwak hakiwezi kulinganishwa na cha Kericho, kwani nyika huwa kavu hata katika mwaka mwema. Kwa hiyo Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame (NDMA) hutumia kipimo kingine, VCI, kinacholinganisha mahali na historia ya mahali hapo hapo katika majira yale yale.

Tuseme katika kumbukumbu za miaka mingi, fahirisi ya chini kabisa ya mwezi fulani ni 0.15 na ya juu kabisa ni 0.55. Mwaka huu ikiwa 0.21, VCI ni asilimia 15. Kiwango cha 35 na zaidi huashiria kuwa hakuna ukame wa malisho. 20 hadi 35 ni ukame wa wastani. 10 hadi 20 ni ukame mkali. Chini ya 10 ni ukame uliokithiri. Katika mfano huu, basi, ukame ni mkali.

Tarakimu inapogeuka fedha

Kipimo hicho ni mojawapo ya vigezo vya kutoa fedha za dharura kwa kaunti kabla maafa hayajakomaa. Aidha, NDVI ndiyo msingi wa bima ya mifugo, iliyoanzishwa Marsabit mwaka 2010 na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) na washirika wake. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wake, ikilipia wafugaji maskini bima ya mifugo yenye thamani sawa na ng'ombe watano kwa kila kaya. Ulianzia Turkana na Wajir, kisha ukaenea hadi kaunti nyingine, ikiwemo Mandera.

Hapo awali bima hiyo ilikusudiwa kufidia mifugo iliyokwisha kufa. Baadaye ilibadilishwa ili mfugaji alipwe mapema, malisho yanapopungua, apate kununua lishe, maji na dawa.

Kisichoonekana kutoka angani

Hata hivyo, setilaiti huona kijani, haioni lishe. Mti wa mathenge, uliosambaa sehemu nyingi za kaskazini mashariki, hubaki na majani hata wakati wa kiangazi, na fahirisi inaweza kupanda ilhali ng'ombe hana cha kula. Mawingu nayo huzuia picha msimu wa mvua, majira ambayo habari za malisho huhitajika zaidi. Tena nyasi zaweza kuwepo lakini zisifikiwe, kwa kukosa maji karibu au kwa hofu ya mapigano.

Upo pia upungufu wa bima yenyewe. Malipo hutegemea wastani wa eneo zima, hivyo mfugaji ambaye malisho yake yamekauka anaweza kukosa fidia kwa kuwa mvua ilinyesha upande wa pili.

Kwa sababu hizo, taarifa za kila mwezi za NDMA huambatanisha picha za angani na habari za ardhini: bei ya mbuzi sokoni, maziwa yanayotumika nyumbani, umbali wa kufika kisimani na lishe ya watoto. Setilaiti huonyesha mapema mahali uoto unapofifia. Kama mnyama atashiba hapo, ajuaye ni mchungaji.