Jembe, Kodi na Machimbo

Zamani, muda mrefu kabla machimbo ya Prince Léopold hayajafunguliwa Kipushi katikati ya miaka ya 1920, wenyeji wa Katanga, nchini Kongo, waliyeyusha shaba katika tanuri za udongo, na wakalima mashamba yao kwa hiari, kila jamaa ikijipatia riziki yake.

Serikali ya Wabelgiji ilipoweka kodi ya fedha mwaka 1910, mkulima asiye na fedha hakubakiwa ila na njia mbili: kuuza mavuno kwa bei asiyoikata yeye, au kuuza nguvu zake. Mwaka huo huo iliundwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kuandikisha vibarua, ambayo mawakala wake walizunguka vijijini kuitafutia kampuni ya machimbo ya Union Minière watu wa kazi, na machifu wakashurutishwa kuwatoa vijana wao.

Waliobaki nyumbani hawakusalimika. Kwa amri ya mwaka 1917 walilazimishwa kulima mazao waliyopangiwa. Mwaka 1933 kazi za shuruti zikawekewa kikomo cha siku 60 kwa mwaka, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1942, siku hizo zikaongezwa hadi 120. Aliyekaidi alitozwa faini au kufungwa, na mzigo wa shamba ukawaelemea wanawake.

Hata Urusi iliwaachia huru wakulima wake waliofungwa kwa mabwana wa ardhi mwaka 1861. Huku kwetu, zaidi ya nusu karne baadaye, raia aliyeitwa huru kwa sheria alikuwa angali akihesabiwa siku za jasho lake.