Nyongeza ya Mlo: Uyoga, Bangi na Jina la Kwenye Kopo

Kimaasai kinachosemwa Piyaya, kata ya wafugaji katika Wilaya ya Ngorongoro, kina neno moja, olchani, linalotaja mti na dawa kwa pamoja. Wenyewe hawachanganyikiwi. Anayechemsha supu ya mbuzi akatia gome la olkiloriti, ule mti wa miiba ambao wataalamu wa mimea waliuita Acacia nilotica, anajua ameongeza kitu kwenye chakula ili nyama ishuke vizuri na mwili uchangamke. Hadai kwamba ameponya ugonjwa. Mwenye minyoo huchemshiwa olmukutan, gome la Albizia anthelmintica, na hapo kila mtu anafahamu kuwa ni dawa: hunywewa kwa kipimo, kwa sababu inayojulikana, na huendesha tumbo kweli kweli.

Wanasayansi wamelitazama jambo hili kwa heshima. Mwaka 1994 Timothy Johns wa Chuo Kikuu cha McGill na wenzake, akiwamo Mtanzania Mhoro, walichapisha utafiti kuhusu dawa za miti za Wabatemi wa Wilaya ya Ngorongoro. Johns alikwenda mbali zaidi akajiuliza kama magome yanayotiwa kwenye supu na maziwa, yenye saponini na viambata vingine vichungu, yanasaidia kueleza kwa nini watu wanaokula nyama na mafuta mengi kiasi hicho hawakuwa na lehemu nyingi kwenye damu. Ninachotaka msomaji akishike hapa ni kimoja: supu ile ni chakula kilichoongezewa kitu. Kwa Kiingereza kitu cha aina hiyo, kikishatiwa kwenye kopo na kubandikwa lebo, kinaitwa supplement, na hiyo ndiyo istilahi ya makala haya.

Asili yake ni Kilatini, supplere, kujaza palipopungua. Maana hiyo ndiyo iliyoongoza matumizi ya kwanza ya neno katika lishe. Mtoto anayepewa matone ya vitamini A kliniki, au mama mjamzito anayepewa vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki, anajaziwa upungufu ambao ukipimwa unaonekana. Hapo Kiswahili hakina shida: vitamini ni kirutubishi, na kidonge kile ni kirutubishi cha nyongeza. Shida ilianza soko lilipolivuta neno lifunike vitu visivyojaza upungufu wowote. Madukani na kwenye simu zetu vyote sasa ni “virutubisho”, na muuzaji akitaka kuongeza uzito husema “dawa lishe”.

Chukua kopo linalochanganya unga wa uyoga na mafuta ya hemp, mchanganyiko unaouzwa waziwazi Marekani na ambao ndugu zetu waishio huko huukuta rafuni pamoja na vitamini C. Hakuna binadamu mwenye upungufu wa uyoga. Hakuna anayeugua kwa sababu mwili wake umekosa kanabidioli, kile kiambata cha hemp. Vitu hivi vinaweza kuwa na kazi mwilini, tena kazi nyingine ni ya kweli, lakini havirutubishi. Kuviita virutubisho ni kumwambia mnunuzi kwamba alikuwa na pengo, halafu kumuuzia cha kulijazia.

Nianze na uyoga, maana upande huu una mengi ya kusifiwa. Mwaka 2012 Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha utafiti kuhusu matumizi ya uyoga kwa jamii zinazoizunguka Ngorongoro na Serengeti. Aliwakuta Wakurya wana ujuzi mpana wa kuuchuma na kuutumia, ilhali Wamaasai aliowahoji wengi wao hawakuwa na mazoea nao kabisa. Kwa mtu wa Piyaya, basi, uyoga wa tiba ni mgeni aliyekuja na lebo, na mgeni wa namna hiyo anastahili kuhojiwa.

Unaotajwa zaidi ni lingzhi, ambao Wajapani huuita reishi na sayansi huuita Ganoderma. Ni uyoga mgumu kama ubao, mchungu, unaoota kwenye magogo. Hauliwi, husagwa au kuchemshwa. Kinachotafutwa ndani yake, na ndani ya uyoga mwingine mwingi, ni beta-glukani, sukari ndefu za kuta za chembe ambazo askari wa kinga ya mwili wana vipokezi vya kuzitambua. Hilo si porojo. Japani iliidhinisha krestin, kitu kilichotolewa kwenye uyoga wa Trametes versicolor, tangu miaka ya 1970, itumike pamoja na dawa za saratani. Tazama neno “pamoja na”: ilitolewa hospitalini, kwa dozi iliyopimwa, kando ya matibabu yenyewe. Wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kupitia majaribio ya tiba, walipokusanya majaribio ya Ganoderma kwa wagonjwa wa saratani, walisema ushahidi hautoshi kuufanya tiba ya kwanza. Walipoukagua mwaka 2015 kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili, hawakuona sababu ya kuupendekeza kwa ajili ya sukari wala shinikizo la damu.

Uyoga mwingine, Hericium erinaceus, husifiwa kwa kumbukumbu. Sifa hiyo inategemea sana jaribio la Japani la mwaka 2009: watu 30 wa umri wa miaka 50 hadi 80, waliokuwa wameanza kusahau kidogo, walifuatiliwa kwa wiki 16. Waliokunywa uyoga walipata alama bora kuliko wenzao, na wiki 4 baada ya kuacha alama zikashuka. Ni habari ya kutia moyo, lakini watu 30 ni wachache mno kubeba ahadi inayoandikwa kwenye makopo.

Kuna jambo la kiwandani pia. Makopo mengine hayana uyoga wenyewe bali nyuzi zake zilizooteshwa kwenye nafaka, kisha vikasagwa vyote pamoja, nafaka na nyuzi. Lebo ikijisifu kwa “polisakaridi” tu, wanga wa nafaka nao umehesabiwa humo. Mnunuzi atafute idadi ya beta-glukani. Na anayelima uyoga mamama nyuma ya nyumba yake na kuukaanga kwa kitunguu anapata beta-glukani, protini na nyuzinyuzi kwa bei ya mboga.

Upande wa pili wa kopo ndio wenye utata wa jina. Kamusi za Kiingereza na Kiswahili kwa muda mrefu zimetafsiri hemp kuwa katani. Neno hilo lilitoka Kiarabu, kattan, ambako ni kitani, na baadaye likahamia kwenye mkonge ulioletwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893. Leo ukimwambia Mtanzania “mafuta ya katani” atawaza kamba, magunia na mashamba ya Korogwe. Waingereza wenyewe walichangia mkanganyiko huu, kwani wafanyabiashara wao waliita mkonge sisal hemp na mgomba wa nyuzi wa Ufilipino Manila hemp. Mimea hiyo haina udugu. Hemp ya kweli ni Cannabis sativa. Ni bangi.

Kinachoitenga na bangi ya kuvuta ni kiasi cha tetrahidrokanabinoli, kile kilevi kinachofupishwa THC. Sheria ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2018 iliweka mpaka kwenye asilimia 0.3; chini ya hapo mmea ni hemp, juu yake ni dawa ya kulevya. Mpaka huo umechorwa na wabunge. Mmea ni uleule. Kwa Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 imeifanya bangi kuwa kosa, na mtu asitegemee kwamba neno la Kiingereza kwenye chupa litamtetea uwanja wa ndege. Tafsiri ninayoiona kuwa ya kweli ni “bangi ya viwandani”. Haipendezi masikioni mwa muuzaji, lakini inamweleza mnunuzi alichoshika.

Halafu kuna mbegu na kuna ua. Mafuta ya mbegu za mmea huu ni chakula kizuri, yana omega-3 na omega-6, lakini karibu hayana kanabidioli. Kanabidioli, CBD, hutolewa kwenye maua na majani. Hii imethibitishwa kuwa dawa: Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Epidiolex kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni. Tazama dozi. Mtoto wa kilo 20 akipewa miligramu 10 kwa kila kilo anakunywa miligramu 200 kwa siku, na ini lake hupimwa. Kidonge cha dukani kwa kawaida kina miligramu 10 au 25. Tena kama lebo ni ya kweli: uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulipima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni, na ni asilimia 31 tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa. Bidhaa 18 zilikutwa na THC.

Majaribio yote niliyoyataja yalipima kimoja kimoja, uyoga peke yake au kanabidioli peke yake. Faida ya kuvichanganya imetangazwa na wauzaji kabla ya kupimwa. Tahadhari, kinyume chake, inajulikana. Kanabidioli hushindania vimeng’enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine, hivyo warfarini, ya kuzuia damu kuganda, inaweza kupanda kwenye damu kupita kiasi. Ganoderma nayo inahofiwa kuongeza uwezekano wa kutoka damu. Mtu wa warfarini anayekunywa kopo hili amejiongezea hatari mara mbili kwa kijiko kimoja.

Neno “dawa lishe” ndilo linalonitia hofu kuliko yote, na Ngorongoro ina sababu ya kuielewa hofu hiyo. Samunge, kijiji cha wilaya hiihii, mwaka 2011 kilipokea umati usiohesabika uliokwenda kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kunywa kikombe cha maji ya mizizi ya mugariga, Carissa edulis, kwa shilingi 500. Foleni za magari zilienda kilomita nyingi, watu walifia njiani, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakiamini wamepona. Mti ule una historia ndefu ya matumizi Afrika Mashariki na wala sina ugomvi nao. Kilichowaponza watu ni kulichukua neno dawa kuwa ahadi ya kupona.

Serikalini pia jina lina matokeo. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa chakula uko Shirika la Viwango, TBS. Dawa zimebaki Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Waganga na dawa zao za asili wana Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Kitu kinachojiita dawa na lishe kwa wakati mmoja kinapata mwanya wa kukwepa maswali ya kila mlango.

Ndiyo maana napendekeza “nyongeza ya mlo”. Inasema kitu kimeongezwa. Haisemi kinarutubisha, haisemi kinaponya, na inatamkika bila kamusi kuanzia Piyaya hadi Pemba. “Kirutubishi cha nyongeza” kibaki kwa vitamini na madini, “dawa” ibaki kwa kilichothibitishwa kutibu ugonjwa unaotajwa. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, na wenye kutoa vibali vya lebo wakikubaliana juu ya majina hayo matatu, kazi kubwa itakuwa imefanyika.

Nawe msomaji, kama unatumia dawa za kifafa, za damu kuganda, za kisukari, za kifua kikuu au za kufubaza virusi, na ukaletewa kopo la namna hii kwa zawadi au kwa kuuziwa, usilifungue kwanza. Libebe kama lilivyo siku ya kliniki, umwonyeshe daktari au mfamasia lebo yote, na usiache dawa yako.