Kanumba Alivyotufikia Ekerenyo

Kwa vijana wa Ekerenyo waliokua miaka ya 2000, muvi ilikuwa ya vita. Ukilipa kiingilio kwenye kibanda cha video ulitaka Rambo au Jackie Chan, na baadaye DJ Afro akikusimulia nani anapigwa na kwa nini. Ndiyo maana Steven Kanumba alipoanza kuonekana kwenye CD za Bongo muvi, wengi walimwona mzito. Mwanamume anaegesha gari, anashuka, anafunga mlango, anapanda ngazi, kisha analia. Dakika kumi zimeisha na hakuna aliyekula hata kofi! Ukishanogewa, unaambiwa utafute sehemu ya pili.

Lakini jamaa alijua anakoelekea. Alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, akajulikana kupitia kundi la Kaole na michezo yake ya runinga. Wakati huo filamu za Nigeria zilikuwa zimejaa sebuleni kote Afrika Mashariki. Kanumba hakukaa kuzilalamikia, alizifuata zilikotoka. Alicheza na Mercy Johnson katika Dar 2 Lagos mwaka 2006, na baadaye na Ramsey Nouah katika Devil Kingdom. Majina ya filamu zake mengi yalikuwa ya Kiingereza, ila ndani watu walipendana, wakadanganyana na kuzikana kwa Kiswahili.

Hapo ndipo alipotushika. Kwetu Nyamira mtoto huanza na Ekegusii. Kiswahili anakutana nacho darasani, kikiwa na ngeli, insha na kalamu nyekundu ya mwalimu. Nje ya shule ni cha kuulizia bei. Sasa huyu hapa mtu mzima anakitumia kuomba msamaha, kubembeleza, kumlilia mama yake. Akina mama na dada zetu walimwelewa mapema, kwenye nyumba chache zilizokuwa na stima. Wapenda vita walichelewa hadi Uncle JJ, pale alipochekesha pamoja na watoto. Baada ya hapo hata ule mwendo wa polepole ukaeleweka: kamera ilikuwa inasubiri uso wake ubadilike. Polepole "jamani" na "bwana wee" zikaingia midomoni mwetu, mwanzo kwa utani tu, baadaye bila kujua.

Tarehe 7 Aprili 2012 alifariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, akiwa na miaka 28. Maelfu walijaa viwanja vya Leaders kumuaga, akazikwa Kinondoni.

Wengi walimpenda kwa sura na mavazi. Sisi tulikuwa na sababu nyingine. Kanumba hakuwa wa Unguja wala Mombasa; alitoka Usukumani, bara, mahali penye lugha yake ya nyumbani kama petu. Ikiwa yeye aliweza kulia kwa Kiswahili na tukamwamini, basi hicho Kiswahili cha kalamu nyekundu ni chetu pia.